Nilikubali Mpira wa Kulishia Nikiwa Bado Nakula

Nilipokubali kuwekewa mpira wa kulishia tumboni nilikuwa bado nakula wali kwa mkono wangu, na hilo ndilo jambo ambalo jamaa zangu hapa Tanga walishindwa kulielewa. Kwetu mpira unajulikana kwa sura moja tu, ule unaopitishwa puani kwa mgonjwa aliyelala wodini hajitambui, na anayeuona huanza kuwapigia simu ndugu wa mbali. Shangazi alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, kwani daktari amekukatia tamaa?" Ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuwa mzito, kwa hiyo nilimjibu kwa kumwandikia kwenye simu, na ninayoyaandika leo ni jibu lile lile kwa urefu wake.

Ugonjwa wangu unaitwa ALS. Huua kidogo kidogo neva zinazoamrisha misuli, na dawa ya kuuponya haijapatikana; kwa wengi huanzia mikononi au miguuni, kwangu ulianzia ulimini na kooni. Kabla ya mpira, kumaliza kikombe cha chai ilikuwa kazi: napaliwa, natulia, nafuta machozi, naanza tena, huku kila aliyekaa mkekani akijitahidi asinitazame. Nguo zilianza kunipwaya. Tena kupaliwa si adha ya mezani tu, kwa kuwa kinachopotea njia huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia.

Kilichonifanya niamue mapema ni pumzi. Mpira wa aina hii huwekwa kwa endoskopia: mgonjwa hupewa dawa ya kumsinziza, kamera hupitishwa mdomoni mpaka tumboni, kisha tundu dogo hutobolewa kwenye ngozi ya tumbo. Madaktari Gauderer na Ponsky wa Cleveland, Marekani, waliitangaza njia hii mwaka 1980, baada ya kuibuni kwa ajili ya watoto, ili kuwaepusha na upasuaji wa kufungua tumbo. Lakini kwa mwenye ALS misuli ya kupumulia nayo hudhoofika, na miongozo ya tiba hushauri mpira uwekwe kabla uwezo wa mapafu haujashuka chini ya asilimia 50 ya kiwango kinachotarajiwa, kwa sababu baada ya hapo hatari huongezeka. Anayesubiri mpaka ashindwe kabisa kumeza anaweza kukuta wakati umekwisha kumpita. Mimi sikutaka uamuzi huo ufanywe na wengine usiku, nikiwa nahema.

Chakula cha makopo kinachoagizwa kutoka nje hatukimudu, kwa hiyo kwa maelekezo ya mtaalamu wa lishe nasaga chakula cha nyumbani: uji wa ulezi, maharage, samaki aliyechambuliwa miiba, ndizi mbivu na mafuta kidogo. Nachuja mara mbili, maana ganda moja la harage linatosha kuziba mpira. Nakaa wima, nachomeka bomba la sindano la mililita 60 lililotolewa kisukumio, namimina, kisha naliinua na kuutazama uji ukishuka wenyewe, taratibu, mpaka bomba libaki na utando mwembamba tu. Kabla na baada ya mlo napitisha mililita 30 za maji yaliyochemshwa yakapoa, na silali mpaka chakula kitulie. Ninachokihofia zaidi ni mpira kuchomoka, kwa kuwa tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya saa chache.

Tumbo hushiba, lakini mdomo hauna habari. Nasikia harufu ya samaki wa kukaanga nikiwa nimeshiba, na bado namtamani. Ni majonzi ya kweli, na anayeshauri mgonjwa awekewe mpira amwambie hilo pia. Nimeruhusiwa kijiko cha mtindi mzito kwa ajili ya ladha, nami hukila polepole, tena mbele za watu, kwa sababu sitaki kula kuwe jambo la kufichwa chumbani.

Ramadhani ilikuwa na uzito wake. Chakula kikifika tumboni kwa mpira, saumu haipo, na ugonjwa wangu si wa kutarajiwa kupona ili nilipe baadaye. Kwa hiyo, kama tulivyofundishwa sisi wafuasi wa Imamu Shafi, natoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Nilipima mchele kwa mkono wangu mwenyewe. Kumlisha mtu mwingine wakati mimi silishwi kwa mdomo kulinifariji kuliko maneno mengi niliyoambiwa, na jioni niliendelea kukaa futarini na wenzangu, bomba likiwa mkononi.

Juzi alikuja kijana ambaye baba yake ana ugonjwa kama wangu, akaniuliza kama wasubiri hali izidi. Nilimwandikia ampeleke mzee akapimwe mapafu wiki hii hii, aelezwe yote, adha na nafuu, angali ana nguvu za kuuliza maswali. Kisha wamwachie aamue mwenyewe, na akikataa, asiwepo wa kumlaumu.