Fenoli za majani ya mlonge: nyingi hupotea kabla ya kufika maabara

Mnaopima fenoli (kemikali za mimea zinazooksidishwa kwa urahisi) kwenye majani ya mlonge, angalieni ukaushaji kwanza. Jani likichubuka au kurundikwa likiwa bichi, vimeng'enya vyake huanza kuoksidisha fenoli, na ile rangi ya kahawia ndiyo ushahidi. Tandaza safu nyembamba kivulini, penye hewa, hadi jani livunjike kwa vidole. Ukianika juani, mwanga na joto vinaharibu.

Kukamua: gramu 1 ya unga laini, mililita 20 za ethanoli ya asilimia 70, tikisa saa 2 gizani, chuja. Msitumie ethanoli tupu. Kwasetini na kempferoli, aina mbili za fenoli za mlonge, zimeshikana na sukari, hivyo zinahitaji maji kidogo ili zitoke. Ethanoli tupu inawaletea klorofili kwa wingi.

Kupima: mililita 0.5 za dondoo lililozimuliwa, mililita 2.5 za kitendanishi cha Folin-Ciocalteu (hugeuka buluu kikikutana na fenoli) kilichozimuliwa mara 10, subiri dakika 5, kisha mililita 2 za sodiamu kaboneti ya asilimia 7.5. Msigeuze mpangilio huu, kwa sababu kitendanishi hicho huharibika haraka kwenye alikali. Baada ya saa 1 gizani soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 765, mkilinganisha na asidi ya galiki, fenoli ya kipimo cha kulinganishia.

Tatizo kubwa ni vitamini C. Mlonge unayo, nayo hugeuza kitendanishi kuwa buluu kama fenoli, kwa hiyo jibu linavimba. Nasa fenoli kwa poda ya PVPP (polima isiyoyeyuka inayoshika fenoli), pima kinachobaki, ukitoe kwenye jumla. Hatua hii wengi wanairuka, na inaniuma kuona hivyo.