Nyama haijakataa, rudisha mfuniko

Nikipika kipande kizima cha nyama ya ng'ombe, hakosi mtu wa kuingia jikoni kabla ya wakati, kufunua sufuria, kuchoma nyama kwa uma na kutoa hukumu. Juzi alikuwa shemeji yangu. "Shemeji, hii imekataa. Bila shaka ng'ombe alikuwa mzee." Nikamwambia, "Shemeji, rudisha mfuniko, ukakae sebuleni."

Kuhusu ugumu alikuwa sahihi. Ikishapikwa saa moja na nusu au mbili, nyama ya bega huwa ngumu kuliko ilivyoingia sufuriani. Joto la ndani likipita nyuzi 60 hivi, misuli hujikunyata na kukamua maji yake. Ule utando mweupe unaoifunga misuli, wenye protini iitwayo kolajeni, bado haujalegea. Huo huanza kuyeyuka vizuri joto likikaribia nyuzi 80, tena unataka muda, hauna haraka na mtu. Ukishayeyuka unageuka jelatini, na hiyo ndiyo inayorudisha ulaini na kufanya midomo inatenate ukila. Kwa hiyo kuna kipindi cha katikati ambacho maji yameshatoka na jelatini haijaja. Wengi wanaoapa kwamba nyama nzima haiwezekani nyumbani waliipua hapo.

Nyama yenyewe naichagua kwa kuangalia huo weupe. Bega, kidari au muundi, kipande cha kilo moja na nusu, chenye mafuta yaliyopenya ndani na mistari ya utando. Steki nzuri isiyo na kitu, ukiipika saa tatu, inakuwa kama pamba: haina kolajeni ya kutosha kuiokoa. Hapa ile nyama inayodharauliwa ndiyo yenye cheo.

Naipaka chumvi usiku na kuiacha kwenye friji bila kuifunika, ili ngozi yake ya juu ikauke. Asubuhi naifuta tena kwa karatasi ya jikoni. Naonekana ninajisumbua bure, lakini sababu ipo. Maji yaliyo juu ya nyama hayapiti nyuzi 100 mpaka yaishe, na ile rangi ya kahawia yenye harufu ya nyama choma huja kwa kasi joto la juu likikaribia nyuzi 140. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeueleza mwaka 1912 mmenyuko unaoleta rangi hiyo, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Nyama mbichi yenye maji ukiitia kwenye mafuta inajichemsha tu, inatoka na rangi ya kijivu. Halafu kuna ile imani kwamba kukaanga kwanza kunaziba nyama ili maji yasitoke. Hakuzibi chochote. Sikiliza inavyolia kwenye mafuta: mlio huo ni maji yanayotoka. Tunakaanga kwa ajili ya ladha, basi.

Nyama ikishapata rangi pande zote naiweka kando, na katika mafuta yaleyale naingiza vitunguu viwili, karoti moja na kijiti cha seleri, vyote vimekatwakatwa. Kisha kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, nakikaanga mpaka wekundu wake uelekee rangi ya tofali. Chini ya sufuria kumeshika ukoko. Usiuoshe! Mwaga kikombe cha supu, ukwangue kwa mwiko wa mbao, uone rojo linavyobadilika rangi palepale. Nyama inarudi, supu inafika nusu ya kimo chake, haiifuniki. Kitunguu saumu, pilipili manga nzima, jani la bei (bay leaf), mfuniko mzito, oveni nyuzi 150.

Kwenye jiko la kawaida inawezekana pia, mradi moto uwe mdogo kabisa: povu moja hapa, jingine pale. Ikichemka kwa fujo misuli inakamuka zaidi, na unaweza kula nyama kavu iliyotoka ndani ya mchuzi, jambo ambalo watu hawaliamini mpaka liwakute mdomoni.

Sasa mboga. Ile karoti ya mwanzo ni ya kutoa ladha tu, mwishoni naiponda ndani ya rojo, hakuna anayeiona tena. Karoti na viazi vya kula vinaingia saa moja kabla ya kuipua, vipande vikubwa, viazi visipungue nusu ya ngumi. Na nyanya naipima kwa kijiko kimoja makusudi: kwenye mchuzi mchachu kiazi huchelewa kulainika, kinabaki na kiini kigumu huku nyama imeshamaliza. Ukitaka uchachu, tia siki kidogo mwisho kabisa.

Sipiki kwa kuangalia saa. Naingiza uma na kuuzungusha. Ukizunguka bila ubishi, imeiva. Kwa kipimajoto ni nyuzi 93 hadi 95 katikati. Mara nyingi inachukua saa tatu na nusu, na kuna vipande vikaidi vinavyotaka nne. Halafu iache itulie ndani ya mchuzi wake nusu saa, ndipo uikate kwa kukingama nyuzi zake.

Kwa wageni wazito naipika siku moja kabla. Ikilala kwenye friji mafuta yanaganda juu, yanaenguliwa kwa kijiko yote kwa mkupuo, na mchuzi chini yake umeshikana unatikisika. Nyama baridi inakatika vipande safi visivyochambuka, navipanga kwenye rojo na kuvipasha taratibu, mfuniko juu. Viazi siku hiyo nachemsha vipya. Vya jana vikipashwa vinasambaratika.