Tulivyopata kinanda duka kubwa la Mbeya lilipoacha kuviuza

Kinanda chetu cha kwaya kilianza kuugua kwenye kitufe cha F ya katikati. Ukiigusa taratibu inanyamaza, ukiirudia inatoa ukelele mmoja mkubwa, wazee wa benchi la mbele wanageuka kuniangalia kana kwamba nimepiga chafya katikati ya sala. Nyimbo zetu nyingi ni za Doh F, yaani doh yake inakaa kwenye F, kwa hiyo nikawa nashusha transpozi, ile inayohamisha sauti zote juu au chini, kwa mbili halafu napiga kama niko G. Ukiwa G huigusi kabisa ile F nyeupe, na waimbaji hawajui kilichotokea. Ujanja huo ulinibeba miezi miwili, mpaka A nayo ilipofuata.

Nikapanda daladala kutoka Uyole kwenda mjini, kwenye lile duka kubwa la vifaa vya umeme ambako tulikinunua mwaka 2015. Siku ile tulikwenda kamati nzima, watu saba tumevaa kama tunakwenda kuposa, pesa ya harambee imo kwenye bahasha, bahasha imo ndani ya Biblia ya mhazini. Kulikuwa na rafu ndefu ya vyombo: Yamaha tatu, Casio mbili, magitaa yananing'inia ukutani, hata seti nzima ya dramu ilikuwa kwenye kona. Safari hii rafu ileile imejaa sabufa na majiko ya gesi. Kilichobaki cha muziki ni kidude cha kuchezea watoto, vitufe 37, kimekaa kati ya blenda na pasi.

Kijana wa duka bado yupo, ila sasa ana kitambi. Tulisalimiana, nikamuuliza vinanda vimehamia wapi.

"Havijahama, mwalimu. Vimeisha, na bosi kasema haagizi tena."

"Kwa nini?"

"Friji likikaa hapa mwezi mmoja tunashangaa. Kinanda cha mwisho kilikaa mwaka na zaidi. Watoto wa wateja wanakipiga kutwa, halafu mteja mwenyewe akija anasema hiki kimeshatumika, nipunguzie."

Sikuwa na la kumbishia. Kwaya ikinunua kinanda leo hairudi dukani kabla ya miaka minane, kumi. Laki sita iliyolala kwenye rafu muda wote huo ingeshazunguka mara ngapi kwenye sabufa? Na kusema kweli, duka lile halikuwahi kujua linauza nini. Mwaka ule wa 2015 nilimuuliza kijana huyuhuyu kama kinanda kina tachi, yaani kama kinatofautisha kidole kizito na kidole chepesi. Akanijibu kwa adabu zote: "Hapana mwalimu, skrini yake haigusiki." Nikakiwasha mwenyewe, nikakijaribu mwenyewe. Kina tachi nzuri tu.

Lawama nyingine ni yetu. Nazifahamu kwaya tatu ambazo watu wao walikwenda pale, wakajaribu kinanda nusu saa, wakapiga picha ya jina na namba ya toleo, kisha wakaagiza Kariakoo kwa bei ya chini. Mmoja wao nilimsindikiza mimi. Tulilifanya duka la watu kuwa chumba cha majaribio, na majaribio hayalipi pango.

Usiku ule nilikaa na simu nikisoma, nikakuta Mbeya tuna wenzetu mbali sana. Kule Marekani, Best Buy, ambayo ni maduka makubwa ya runinga na kompyuta, miaka ya 2008 hivi ilitenga sehemu za magitaa na vinanda ndani ya maduka yake, na baada ya miaka michache ikaziondoa. Hata waliokuwa wakiuza vyombo vya muziki tu wamepata tabu. Guitar Center ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2020, ikajipanga upya na kuendelea. Sam Ash, iliyoanza Brooklyn mwaka 1924, haikuwa na bahati hiyo: mwaka 2024, ikiwa imefikisha miaka mia, ilifunga maduka yake yote. Lakini mnunuzi wa kule anaagiza mtandaoni, kisichomfaa anakirudisha. Wewe jaribu kurudisha kinanda Dar es Salaam kutoka Uyole uone.

Mimi nilijaribu. Nilipata muuzaji wa Kariakoo kwa simu, akanitumia picha ya boksi lenye jina kubwa, tukapatana laki tatu na nusu, nikatuma. Kilichoshuka stendi kilikuwa chepesi kama sinia. Jina kwenye boksi lilifanana na lile nililoliona kwenye picha, ila herufi moja imebadilishwa. Vitufe 61 vipo, tachi hakuna, na ukibonyeza sauti tano kwa pamoja moja inamezwa. Nilimpigia muuzaji. Simu iliita mara mbili. Kesho yake haikuita tena.

Alhamisi, siku ya mazoezi, ilibidi nisimame mbele ya kwaya nieleze pesa yao imekwenda wapi. Wengine walinguruma, wengine walinitetea. Mama mmoja wa sauti ya pili, anayeuza ndizi sokoni pale Uyole, hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema, "Mwalimu, mimi hata mkungu wa ndizi naugeuza nione chini." Nilitamani angefoka kama wenzake.

Ndipo nikakibeba kile cha zamani mpaka Mwanjelwa, kwa fundi mmoja mwenye kibanda nyuma ya soko. Ni mzee wa redio na amplifaya. Spika za misikiti na za makanisa zinasubiriana kwake kwenye benchi moja bila ugomvi. Nilimwambia kinanda kimekufa. Akanitazama juu ya miwani.

"Nani kakwambia?"

Alikigeuza kifudifudi, akafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha ndoo kwa kufuata zilivyotoka. Mimi nimepiga kinanda miaka ishirini na sikuwahi kuona ndani yake. Chini ya vitufe kuna utepe wa raba, na chini ya kila kitufe raba hiyo ina vidoa viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kidoa kimoja kinagusa ubao kabla ya mwenzake. Kinanda kinapima muda uliopita kati ya viwili hivyo: muda ukiwa mfupi, kinajua umepiga kwa nguvu, ukiwa mrefu, kinajua umegusa polepole. Hiyo ndiyo tachi niliyomuuliza yule kijana. Sasa uchafu ukikaa kwenye kidoa cha kwanza, hesabu inavurugika. Mara kinanda kinyamaze, mara kipige kwa nguvu zake zote. Ule ukelele wa Jumapili ndiyo huo.

Uchafu wetu ulikuwa wa aina mbili. Kuna vumbi la kiangazi, ambalo Mbeya nzima tunalijua. Na kulikuwa na kitu cha kunata, rangi ya machungwa, ambacho fundi alikinusa na kukitambua papo hapo kuwa ni soda. Nikakumbuka sikukuu ya vijana. Nikakaa kimya.

Alisafisha ubao na raba kwa pamba na spiriti, tukaacha vikauke, tukajaribu. F ikapona. A ikakataa, kaboni yake ilishaliwa. Raba mpya ya toleo lile hakuwa nayo, wala hakujua wa kumwagizia hapa mjini. Fundi akatafuna kijiti cha meno kidogo, akauliza, "Hizi za mwisho kushoto unazipiga?"

Nikamwambia sizipigi, sauti nzito za chini tuna kijana wa gitaa la besi anayezipiga.

Kumbe raba hazikai kama utepe mmoja mrefu. Zimekatwa vipande, kila kipande kinachukua oktava moja, yaani vitufe kumi na viwili, vyeupe na vyeusi, na vya oktava nzima vinalingana. Akang'oa kipande cha kushoto kabisa, kizima kama kilivyotoka kiwandani, akakiweka katikati, na cha katikati kilichochakaa akakipeleka kushoto. Saa tatu za kazi, shilingi elfu ishirini na tano. Nimekaa na kinanda kile miezi yote ile nikikiombea wakati dawa yake ilikuwa humohumo ndani yake.

Kabla sijaondoka akaniomba nimwonyeshe adapta. Yetu ilikuwa ya king'amuzi, kwa kuwa ya awali iliungua siku umeme ulipokuja na mshtuko. Akasoma maandishi, akasema nina bahati: Yamaha ndogo nyingi zinakula volti 12, chanya iko katikati ya pini, sawa na king'amuzi changu. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9, na katikati ni hasi. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa na ikaua. Akanionyesha moja iliyoletwa na kanisa jingine, imekaa juu ya kabati kama maiti inayosubiri ndugu. Mchoro wa kuangalia ni ule mdogo wa duara na nukta karibu na tundu, wenye alama ya kujumlisha na kutoa.

Kilichobaki ni kupata kinanda cha pili, maana kile cha zamani hakikuwa cha kutegemea kwenye mikutano ya nje. Fundi alinishauri mtumba wa Japani. Akanionya lakini: vile vikubwa vinavyochomekwa ukutani moja kwa moja vimeundwa kwa umeme wa kwao, volti 100. Ukikipa 230 za hapa, utanusa moshi kabla hujasikia sauti. Ama ununue transfoma ya kushusha, ama utafute chenye tundu la adapta lililoandikwa volti 12.

Sikutuma pesa kwa picha tena. Nina mpwa wangu Dar, mpiga besi, nikamwomba aende Kariakoo Jumamosi asubuhi na anipigie kwa video akiwa ameshika kinanda.

"Mjomba, hiki kizuri, nilipe?"

"Kigeuze kwanza nione chini."

Alikigeuza. Nikasoma namba ya toleo, nikasoma volti. Kisha nikamwambia apige kila kitufe kutoka kushoto mpaka kulia, mara ya kwanza kwa kidole chepesi, mara ya pili kwa kizito, huku mwenye duka akihema kwa kuchoka. Cha kwanza kilikuwa na D mbili zenye ukelele ninaoujua. Cha pili kitufe cha sauti kilikwaruza. Cha tatu kilipita kote, hata tundu la pedali tulilijaribu. Mwenye duka alitaka laki tano na nusu, mpwa akamshusha mpaka nne na themanini, na nauli ya mzigo juu yetu.

Kilifungwa ndani ya kipande cha godoro kuukuu, kikalala kwa mpwa, na alfajiri kikapakiwa stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nilimpigia konda akiwa Mikumi, nikampigia akiwa Iringa, Makambako hakupokea, nadhani alishanichoka. Basi liliingia usiku, baridi ya Juni inakata masikio. Mama wa ndizi alikuwa stendi na shuka lake la kufunikia mzigo. Alikifungua kidogo kwenye kona, akakigeuza, akatazama chini, akaniruhusu nikibebe.

Kile cha zamani sasa ni cha kufundishia vijana, na chupa ya soda haivuki mlango. Cha herufi moja kimekwenda shule ya Jumapili, ambako hakuna anayedai tachi.

Mwezi uliopita yule kijana wa duka kubwa alinipigia. Alikuwa na mteja mbele yake, mama katoka Tukuyu na pesa ya kwaya mkononi, anataka kinanda. "Mwalimu, nimwelekeze wapi?" Nilimpa namba ya fundi wa Mwanjelwa, kisha nikamwambia amuulize huyo mama kama kwao kuna mpiga besi.