Siku ya 23: kumbe Chausiku alikuwa ananisoma mimi

Mchawi nimempata, na ni mimi mwenyewe.

Wiki nzima nimejisifu kwamba Chausiku, tetea wangu wa kienyeji, anatofautisha punje 4 za mahindi na 5: namsogezea visahani viwili, anachagua chenye nyingi. Mara 17 kati ya 20! Jirani aliponicheka nikamfungulia daftari. Halafu juzi, kwa ukorofi tu, nikafunika visahani vyote viwili kwa vifuniko vya makopo. Hakuna cha kuona. Akapatia mara 15 kati ya 20.

Nikashuku harufu. Nikapaka visahani vyote unga wa mahindi, wapi! Nikawa naamua chenye nyingi kikae kulia au kushoto kwa kurusha shilingi, bado anapatia. Siku mbili zikaenda hivyo. Jana jioni nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikajirekodi. Jibu lilikuwa pale pale sekunde ya tatu: ninaposogeza visahani mbele, chenye punje nyingi nakiachia mwisho. Kila mara. Kidole gumba kinabaki ukingoni kama mtu anayeaga mlangoni. Chausiku hakuwa na habari na mahindi, alikuwa anatazama gumba.

Aibu, maana kisa cha farasi Hans nakijua siku nyingi. Berlin mwaka 1904, watu na elimu zao walisadiki kwamba farasi wa Wilhelm von Osten anajumlisha na kugawanya kwa kugonga kwato, mpaka mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha kuwa muulizaji asipojua jibu, farasi naye hajui. Pfungst huyo huyo, hata baada ya kuijua siri, alishindwa kuuzuia mwili wake usitoe ishara. Sasa mimi nani?

Kwa hiyo mpwa wangu anapanga punje nyuma ya khanga na kuondoka. Mimi sijui zipi ziko wapi. Nimempa kuku mgongo, navuta kamba, khanga inapanda, simu inarekodi. Uzi wa cherehani ulinasa, kamba ya katani ikamtisha kuku, mshipi wa kuvulia ndio ulionimalizia kelele. Kuna rafiki ananisukuma nifunge mota na vidubwasha vya umeme. Mshipi hauishiwi betri, bwana.

Matokeo mapya, majaribio 20 kila jozi: 1 kwa 3, amepatia 18. 2 kwa 4, 15. 4 kwa 5, 11, yaani anabahatisha tu.

Na nimefurahi! Kinachomsaidia ni uwiano, na sisi ndivyo tulivyo tukinyimwa nafasi ya kuhesabu. Nilimwonyesha mpwa vitone 6 na 12, nikaficha mara moja: hakukosea hata kidogo. 11 na 12 akabahatisha kama Chausiku. Ila ukimwachia karatasi anaanza moja, mbili, tatu, na maneno yanamfikisha. Kuku hana maneno hayo ya kushikilia.

Kilichobaki ni kigumu zaidi: anachagua idadi au wingi wa chakula? Nilimwekea vipande 4 vidogo dhidi ya punje 2 nzima, akaenda kwenye nzima. Hata mimi ningeenda huko. Mpango ulikuwa nichore kadi za vitone, eneo la wino liwe sawa pande zote, na nimeshakata 12.

Kadi zimepanda juu ya kabati. Usiku nimewakumbuka simba wa Serengeti: mwaka 1994 mtafiti Karen McComb na wenzake waliwapigia majike sauti zilizorekodiwa za simba wageni wakinguruma. Ikiwa sauti ya mgeni mmoja, walisogea kumkabili kwa wepesi kuliko wakisikia watatu, na wakiwa wengi wao wenyewe walithubutu zaidi. Hakuna punje, hakuna gumba. Sauti tupu!

Na mwenzake Chausiku ana vifaranga 7 wa wiki moja. Kilio cha kifaranga 1 upande huu, cha 3 upande ule, atakimbilia wapi? Nimeshawarekodi. Zinahitajika spika mbili zenye nguvu sawa, na niliyonayo moja mama mtu ameshaidonoa tundu.