Ovahoo ya injini nyumbani: pima kwanza, vipuri baadaye

Wanaoanza wengi hununua seti nzima ya ringi (pete za pistoni), beringi na gasketi hata injini haijashushwa. Hapo pesa hupotea bure. Silinda zikichongwa kuongezwa 0.50 mm, ringi na pistoni za standadi hazina kazi tena. Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikisagwa kupunguzwa 0.25 mm, inataka beringi za saizi hiyo ya 0.25 mm, zilizo nene kuliko za standadi. Saizi ya kununua utaijua baada ya kufumua, kusafisha na kupima. Kabla ya hapo tafuta kitabu cha ukarabati cha injini yako hasa, si cha injini inayofanana nayo, pamoja na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) na maikromita (kifaa cha kupimia unene na kipenyo).

Pima kompresheni (presha ya mgandamizo ndani ya silinda) injini ikiwa bado ndani ya gari. Toa plagi zote, zima mafuta na moto wa plagi, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho, kisha zungusha kwa stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Silinda zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, kuna jambo. Mimina kijiko cha chai cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au kuta za silinda zimechoka. Kikibaki pale pale, angalia valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda juu), na pengine huna haja ya kufungua sehemu ya chini kabisa.

Boliti za hedi hulegezwa injini ikiwa imepoa, kuanzia pembeni kuja katikati, kidogo kidogo kwa awamu. Hedi ya aluminiamu ikifunguliwa ya moto hupinda. Konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) na vifuniko vyake vipige alama ya namba ya silinda na upande kabla ya kuvitoa, na vifuniko vya beringi za krenki vivyo hivyo, kwa sababu kila kifuniko kilichongwa kikiwa mahali pake. Ukivibadilisha, tundu halitakuwa duara tena na krenki itabana.

Silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila urefu mara mbili: sambamba na krenki, kisha kuikata. Silinda hulika zaidi pale ringi ya juu inapogeukia, ndiyo maana kipimo kimoja cha katikati kinadanganya. Hedi iwekee rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji chini yake. Injini nyingi za kisasa hazivumilii zaidi ya 0.05 mm, ikizidi kiwango cha kitabu, hedi ikasawazishwe kwa mashine. Kuchonga bloku (mwili wa injini wenye silinda) na kusaga krenki si kazi za nyumbani.

Bloku ikirudi kutoka kwa mchongaji, iko chafu kuliko inavyoonekana. Vumbi la jiwe limejificha ndani ya mistari ya silinda, na petroli au dizeli hailitoi, inalisambaza tu. Tumia maji ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo na brashi ngumu. Vizibo vya njia za oili vitolewe, brashi nyembamba ipite humo mwanzo hadi mwisho. Kausha kwa upepo wa kompresa, halafu pangusa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, rudia kuosha. Kikitoka cheupe, paka oili hapo hapo, maana chuma kitupu huanza kushika kutu ndani ya dakika chache. Anayeruka hatua hii huua ringi mpya haraka.

Nafasi ya beringi hupimwa kwa plastigeji, kile kiuzi laini kinachobonyezwa. Futa oili yote, kilaze juu ya krenki, funga kifuniko kwa toki kamili bila kuzungusha krenki hata kidogo, fungua, kisha linganisha upana wake na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti. Kwa magari madogo ya kawaida tegemea 0.02 hadi 0.05 mm. Nafasi ikizidi, presha ya oili hushuka. Ikipungua, oili haipenyi na beringi huungua.

Ringi nayo usiiamini kwa sababu imetoka kwenye pakiti. Iingize silindani ikiwa peke yake, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake. Kanuni ya jumla kwa ringi ya juu ni 0.004 mm kwa kila milimita ya kipenyo: silinda ya 86 mm inataka kama 0.35 mm, ila kitabu ndicho mwamuzi. Mwanya ukiwa mdogo, ncha hugongana injini ikipata moto, ringi huvunjika au huikwaruza silinda. Ongeza kwa tupa laini, upande mmoja tu, ukisugua kutoka nje kuja ndani. Alama kwenye ringi hutazama juu, na mianya isipangwe ikafuatana.

Wakati wa kuingiza pistoni, boliti za konrodi zivalishe kipande cha mpira zisiikwaruze krenki. Zungusha krenki kwa mkono baada ya kila pistoni. Ikibana ghafla, kosa liko kwenye ile uliyofunga sasa hivi. Boliti zinazokazwa kwa toki kisha kwa nyuzi (digrii za kuzungusha) mara nyingi hurefuka zisirudi urefu wake, kwa hiyo nunua mpya. Matundu ya boliti yasiwe na oili wala maji chini: kimiminika hakibonyei, bloku inapasuka. Na silikoni ya kuzibia sampu (bakuli la oili chini ya injini) iwe uzi mwembamba. Inayofinywa ndani hukatika na kuziba chujio la pampu ya oili (mafundi wazoefu pia hukosea hapa, kwa kudhani nyingi ndiyo salama).

Ukishapanga taimingi (valvu zifunguke kwa wakati wake kulingana na krenki), zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili kabla ya stata. Ikigota, usilazimishe: huenda valvu imegusa pistoni. Kisha zungusha kwa stata bila plagi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi na kuwasha.

Usiiache ikiunguruma sailensa (bila kukanyaga mafuta) muda mrefu. Ringi hukaa kwa presha ya gesi inayozisukuma ukutani, na presha hiyo huja gari likibeba mzigo wa wastani, mwendo ukipanda na kushuka. Mwaga oili ya kwanza mapema, kabla ya kilomita 1,000, na ukate filta uitazame ndani: unga mwembamba wa chuma ni wa kawaida, ila vipande vinavyong'aa rangi ya shaba vinatoka kwenye beringi, na hapo sampu ifunguliwe tena.