Kilwa Kisiwani tuliyoiona sisi, na ile aliyoiona fundi

Muulize mtu yeyote aliyetoka Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya mji wa kale huko Lindi, kule kukoje, halafu muulize na wa pili, utadhani walienda sehemu mbili tofauti. Mmoja atakwambia bana hujaona kitu Tanzania kama hujafika pale, wa pili atakwambia ni mawe na jua tu, ningejua hiyo hela ningeenda nayo Zanzibar, na yupo wa tatu ambaye hakumbuki chochote zaidi ya pweza wa nazi aliyekula Kilwa Masoko, mji wa bara unaovukia kwenda kisiwani. Na usidhani ni sisi wa siku hizi wenye simu mkononi ndo tuko hivyo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika pale 1331 akaandika kwamba Kilwa ni katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri, halafu hapohapo anasema nyumba zake ni za mbao na mapaa ya nyasi. Haijapita miaka 200 Wareno nao wanafika, wao wanaandika habari za nyumba za mawe na chokaa, ghorofa tatu mpaka nne, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba mtu anaweza kukimbia juu ya mapaa toka nyumba hii mpaka ile. Mji mmoja huohuo!

Safari yetu ilipangwa na grupu la WhatsApp la watu wanaopenda kutembea, wengi wa Dar, kuna dada anafanya kazi benki, kuna mama mtu mzima wa Tanga ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa, wanachuo kadhaa, na fundi ujenzi mmoja wa Mbagala ambaye wala hakuwa amejiandikisha, shemeji yake aliugua ghafla na hela ilishalipwa na hairudi, basi akapewa nafasi yeye. Fundi alilala toka Kibiti. Daraja la Mkapa pale Rufiji hakuliona, kuja kuamka tunakata kona Nangurukuru kuingia Masoko, anauliza kama ndo Lindi.

Pale Masoko unapita ofisini kwanza kulipia kibali na kupewa mwongozaji, na nawashauri msijifanye wajanja wa kutaka kwenda wenyewe, kisiwa ni kikubwa, magofu yamesambaa na mengine yako ndani ya vichaka huko, utazunguka na kurudi na picha za mibuyu. Kuvuka wala sio mbali, Kisiwani unakiona kabisa ukiwa gatini.

Kitu cha kwanza kukutana nacho ni Gereza, ile ngome iliyokaa ufukweni, na wengi wetu ndo tulimaliza nusu ya picha zetu hapo. Dada wa benki akauliza hapa ndo alikuwa anakaa sultani? Hapana. Wareno walijenga ngome yao 1505 baada ya Francisco de Almeida kuuvamia mji na kuupora, wakaja kuondoka 1512, na hiki unachokiona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadae sana. Kwa hiyo jengo linaloonekana zaidi Kilwa, lile linalotokea kwenye kila kalenda, ni la watu waliokuja mji ukiwa umeshapita ubora wake. Bahari imeshalila kiasi. Kilwa na Songo Mnara viliingia orodha ya urithi wa dunia 1981, 2004 vikawekwa kwenye orodha ya vilivyo hatarini, vikatolewa 2014 baada ya kazi ya ukarabati na ya kuzuia maji. Ok, tuendelee.

Msikiti Mkuu ndo fundi alipoamka kwelikweli.

Sisi tuliingia pale kama watu wanavyoingia, simu juu, jamani angalia hizi kuba, nipige nikiwa kwenye tao, geuka huku kuna mwanga. Mwongozaji anaeleza, sehemu ya kaskazini ndo ya zamani, karne ya 11 au 12, ilikuwa na nguzo tisa, halafu karne ya 14 wakaongeza sehemu kubwa ya kusini yenye kuba na matao, ile ikaja kuanguka, ikajengwa tena karne ya 15. Fundi hasikilizi. Ameweka kiganja ukutani, anakwangua na kucha, ananusa vidole. "Hii sio simenti." Tukacheka, fundi simenti miaka 600 iliyopita itoke wapi. Yeye hacheki. Akapiga magoti kwenye sehemu lipu imebanduka akatuita tuone, jamani njooni hapa, na kweli ukiinama unaona vijiwe vya tumbawe vimepangwa vikubwa kwa vidogo, katikati chokaa nyeupe ina chembechembe za mkaa mweusi ndani yake. Mkaa! Babu yake alikuwa mchoma chokaa, kumbe, na ule mkaa ni mabaki ya kuni za tanuri. Unapanga magogo duara kubwa, juu unarundika matumbawe, unawasha, inaungua mpaka jiwe linakuwa jeupe na jepesi, halafu unamwagia maji na kuliacha likae, kadiri linavyokaa ndo chokaa inakuwa nzuri, sio unachoma leo kesho unapaka. Mzee mmoja wa hapo kisiwani alikuwa anapita na mbuzi wake, fundi akamsalimia shikamoo babu, wakaanza kuongea habari za miti gani inachoma vizuri na sisi tukasahaulika kabisa.

Na hapo ndo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kukisoma mahali. Mwanachuo mmoja alishalalamika toka mwanzo kwamba hivi kwa nini vyumba vya hawa matajiri ni vyembamba, virefu vyembamba, hatua tatu hivi upana umefika ukutani, dhahabu yote ile waliyokuwa wanaiuza na mtu analala kwenye korido. Fundi akamwonyesha juu ukutani matundu ya mraba yaliyopangana mstari mmoja. Boriti. Paa lilikuwa tambarare, zege la chokaa na mawe juu ya boriti za mikoko, na mkoko haukupi mti ulionyooka mrefu kuliko hapo ukabeba uzito ule, kwa hiyo chumba kinaishia pale boriti inapoishia, uwe sultani uwe nani. "Ukitaka ukumbi mpana una njia mbili, uweke nguzo katikati au uachane na boriti ujenge kuba." Akanyoosha mkono kwenye kuba juu yetu. Yaani tulikuwa tumesimama chini ya jibu na tunapiga selfi.

Halafu jiwe lenyewe sio la aina moja. Kuta ni lile tumbawe gumu la kuchimbwa nchi kavu, ila fremu za milango na mapambo ya kibla ni tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bichi, unalichonga likiwa bado na unyevu maana likikauka linakuwa gumu. Fundi alipita kidole kwenye ukingo mmoja uliochongwa, akafumba jicho moja akaangalia kama umenyooka. Umenyooka. Akasema huyu mtu alikuwa na timazi, halafu akasema neno lingine kuhusu mafundi wa siku hizi ambalo siliandiki hapa.

Kwenye kivuli tukapewa ile hadithi ya kununuliwa kisiwa. Wengine mnaijua, kwamba alikuja mgeni toka Shirazi, Uajemi, anaitwa Ali akamkuta mwenye kisiwa, wenyeji wa Kilwa wanamwita Mrimba, wakakubaliana kisiwa kwa vitambaa, vya kutosha kuzunguka kisiwa kizima. Mrimba akavuka bara na nguo zake akiwa na nia ya kurudi kupigana, enzi hizo maji yakitoka unavuka kwa miguu, lakini kwenye masimulizi ya wenyeji wale wageni wakasoma kisomo maji yasitoke tena, na kwenye kitabu cha zamani cha historia ya Kilwa inasemwa walichimba mfereji. Mama Mkubwa hakukubali. "Mwanangu, hapo mwenye kisiwa kapunjwa, na waliotunga hadithi ni waliobaki na kisiwa." Mwongozaji akacheka tu. Mimi naona Mama Mkubwa kasema kweli tupu, na wataalamu siku hizi wanakubali kwamba mji ulikuwepo na watu wake wa pwani kabla, Shirazi au hakuna Shirazi.

Husuni Kubwa nusu ya watu hawakwenda. Iko mbali na magofu mengine, upande wa mashariki juu ya genge, jua lilikuwa linachoma, wakasema tutaona picha zenu. Hasara yao, hapa ndo penyewe! Hii ni ikulu ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyekuwa anatawala Ibn Battuta alipofika, vyumba zaidi ya 100, ua wenye ngazi za kukalia watu, ua mwingine unaosemekana ni wa biashara na maghala, na bwawa la kuogelea la pembe nane likitazama bahari. Pembe nane, na kila upande una ukingo umeingia ndani. Fundi akalizunguka akihesabu kwa miguu, akauliza maji walikuwa wanayatoa wapi na kuyapandisha nani, swali zuri sana ukifikiria ule mlima. Na haikuisha. Ikulu haikumalizwa, watu walikaa muda mfupi ikaachwa, na hilo fundi alilielewa haraka kuliko wote, "bosi hela zimekata."

Hela ambazo, dada wa benki atafurahi nikisema, walikuwa wanazipiga wenyewe. Sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa. Moja ya huyu al-Hasan imeokotwa Great Zimbabwe, kule dhahabu ilikokuwa inatoka kupitia bandari ya Sofala, Msumbiji, na tano za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, Australia, zilifikaje huko kila mtu ana nadharia yake.

Sasa kuna kisa cha huyu sultani, walikuwa wanamwita baba wa zawadi. Ibn Battuta anasema alitoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani akabadilisha, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi, sultani kusikia watu wanamsifu akaamuru apewe wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa akaja kaka yake Daudi, mwombaji akija anaambiwa aliyekuwa anatoa kashakufa na hakuacha kitu. Tulicheka sana kwa Daudi. Ila hebu rudia kusoma hapo kwenye watumwa, watu ishirini kwa kanzu na mtu hata hashtuki, na mwongozaji wetu alipita hapo haraka kama ametaja mbuzi. Sikupenda. Kilwa hiyohiyo 1776 sultani wake aliweka mkataba na Mfaransa Morice wa kumpa watu 1000 kila mwaka, na karne ya 19 Kilwa Kivinje ndo ilikuwa bandari ya misafara ya kutoka Nyasa. Kama tunapelekwa kuonyeshwa bwawa la pembe nane tuambiwe na hayo, tena bila haraka.

Na lile swali la mbao na mawe? Kwenye boti kurudi tulibishana sana. Mwanachuo anasema Ibn Battuta hakuangalia vizuri. Fundi akasema mbona rahisi, hata sasa ukienda vijijini, msikiti umejengwa kwa tofali na nyumba zote kuuzunguka ni za makuti, mgeni atakachoandika ni nyumba alizoziona nyingi, na mawe ya watu wa kawaida yalikuja baadae walipopata hela. Sijui kama wataalamu wa mambo ya kale watamkubalia, mimi nimemkubalia.

Songo Mnara hatukufika, iko kisiwa kingine kusini, maji yalishaanza kutoka na nahodha akasema akipeleka boti saa ile tutakaa kwenye matope mpaka usiku. Kwa hiyo mkipanga, ulizeni maji kwanza ndo mpange basi na gesti, anzeni asubuhi mapema, bebeni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani na viatu vya kufunga, Husuni kuna miiba. Na mkibaki na nafasi moja kwenye gari mpeni fundi ujenzi.