Bresileti ya kubadilisha vipande: nimeipata, na nyie wa "weka ringi tu" njooni msome

Nianze na majigambo kabisa maana nimeyabana muda mrefu. Bresileti ninayouza mimi unachomoa kipande cha katikati, unaweka kingine, kwa kucha tu, bila koleo, bila kunirudia. Na kipande alichonunua dada wa Tabata mwaka jana kinaingia kwenye bresileti niliyomaliza juzi bila ubishi wowote. Hicho cha mwisho ndicho kilichonitoa jasho. Bresileti nzuri kila mtu anatengeneza, ukipita Kariakoo unajaza mfuko. Ila ya kubadilika kweli kweli, sio ya kubadilika kwenye tangazo, hiyo ni habari nyingine.

Ushauri wa kwanza niliopewa na karibu kila mtu ni ringi, kile kiduara cha waya kilichokatwa sehemu moja cha kuunganishia vipande. "Weka ringi tu, mteja akitaka kubadilisha anafungua." Anafungua na nini? Ringi inataka koleo mbili, moja kila mkono, na unaizungusha kwa pembeni sio kuivuta nje maana ukiivuta duara linaharibika, haya nani kati ya wateja wangu anatembea na koleo mbili kwenye pochi? Halafu ukiifungua na kuifunga mara kadhaa inakakamaa, siku ya siku inakatika, wala haikuambii, unashtuka jioni mkono mtupu. Kwa hereni sawa, endeleeni. Fundi saa mmoja akaniambia nitumie zile pini za springi za mikanda ya saa, huyo walau alikuwa na hoja, zinashika vizuri, ila kuzitoa unahitaji kile kichokonoo chake, na pini ikikuruka imehamia chini ya kabati.

Waliomaliza hili tatizo zamani ni Waitaliano. Kuna kampuni inaitwa Nomination, iko jirani na Florence, imeanza 1987, na imejijenga kwa vipande vya stenlesi vyenye springi ndani: unaikunja bresileti, kipande kinaachia, unatelezesha kingine. Upana uliozoeleka wa vipande vya namna hiyo ni milimita 9, ndio maana hata za kuiga nyingi zinaingiliana. Nikanunua ya kuiga Kariakoo, elfu nane tisa hivi, nikaitumbua kwa kisu cha jikoni nione siri. Ndani kuna vijibati vyembamba vimekunjwa, kimoja kinasukuma kingine. Safi sana, ila vile vinagongwa na mashine, kwa mkono hutoboi. Na kuna kitu picha hazikuonyeshi, hii ya kuiga niliyonunua inanyofoa malaika wa mkononi. Ukikunja kifundo cha mkono vipande vinaachana kidogo, ukinyoosha vinabana na kuondoka na malaika wako wawili watatu. Niliivaa siku nzima kwa ajili ya utafiti na nilikuwa kila saa nasema aii.

Sasa sumaku. Hii lazima niielezee vizuri kwa sababu bado kuna watu wananitumia meseji "dada kwa nini usiweke sumaku". Aliyenipa wazo ni jamaa anauza vifaa vya simu, ana zile sumaku ndogo duara kali balaa. "Sister, dunia imeshaenda, weka sumaku, ukigusisha tu imekaa." Na ni kweli, mezani inapendeza mpaka unacheka mwenyewe, unasogeza kipande chenyewe kinaruka kwa mwenzake tap, nikarekodi video, watu wakamwaga emoji za moto chini yake. Binamu yangu akaing'ang'ania aivae kwenye send-off, herufi za jina lake zote juu ya mkono. Basi bwana, ukumbini akaenda kuchukua soda, akaufunga mlango wa friji kwa mgongo wa mkono kama tunavyofunga wote, mkono ukarudi na soda, bresileti ikabaki na friji. Akaivuta, nusu ikaja, nusu ikang'ang'ania, jina limegawanyika herufi tatu kwake tatu mlangoni, na MC alikuwa anatafuta kitu cha kuongea. Usiku mzima friji ikaitwa bwana harusi wa pili. Baada ya hapo kila kitu kikawa kinaifuata, funguo, pini za nywele, mpaka geti la nyumbani. Na utani pembeni, zile sumaku ndogo mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo na utumbo uko katikati, ni upasuaji huo. Mimi nina watoto nyumbani. Nilizitoa zote, usiniambie tena habari za sumaku.

Jibu lilikuwa ukutani kwangu miaka yote. Geuza saa ya ukutani utaona lile tundu, upande mmoja pana upande mwingine jembamba, kichwa cha msumari kinapita kwenye upana, ukiishusha saa shingo ya msumari inaingia kwenye wembamba, haitoki mpaka uinyanyue. Nikasema si ndio hii? Kila kipande kiwe na kijisumari upande mmoja na tundu upande wa pili. Mkono wenyewe unavuta vipande kwenda pande mbili, kwa hiyo shingo inakaa kwenye wembamba muda wote. Nikakata kwanza kwa boksi la viatu, nikatumia pini za kichwa, nikavaa boksi mkononi napika nalo. Fanya hivyo kabla hujagusa shaba, usione aibu.

Shaba yangu ni brasi, ile ya njano ya koki na makufuli, unene milimita moja. Msiulize duka, mimi nachukua mabaki kwa watengeneza vibao vya majina vya milangoni, wananipimia kwa kilo, bei inategemea ameamkaje. Tundu ni biti mbili za drili, ya milimita 4 na ya milimita 2, unatoboa karibu karibu halafu msumeno wa sonara unaunganisha, ila pale katikati unaacha pamebana kidogo kuliko shingo, ndio panapolia "tik" kipande kikiingia. Na hii ndiyo hila yangu ninayojivunia: mbele ya lile tundu dogo endeleza mkato mwembamba wa msumeno milimita tatu nne hivi. Ule mkato unaipa midomo ya tundu nafasi ya kutanuka na kurudi. Bila mkato, ama hakiingii kabisa ama unakilazimisha na kesho kinacheza.

Michoro yote hiyo nikampelekea mzee mmoja sonara, mikono yake haina mpinzani, kichwa chake ndio mtihani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti, leo umeniletea hesabu?"

Akaangalia karatasi, akaiweka chini ya kikombe cha chai. "Mwanangu, mimi nimeanza kazi hii mama yako hajaolewa. Niachie."

Nikamwachia. Akachomelea vijisumari kwa moto, vikapendeza, havina hata alama. Nikachomeka kipande, kikaingia laini kama hakuna kitu, nikatikisa, kikadondoka.  Tukabishana sana mpaka nikaelewa mwenyewe usiku: brasi ukiipiga moto mpaka iwe nyekundu inalainika, ule ukakamavu wake unaotoka nao kiwandani ndio springi yangu, na yeye ameuua kwa moto wake mzuri. Siku hizi hakuna moto kabisa baada ya kutoboa. Kijisumari ni waya wa brasi unapita kwenye tundu lake na unagongwa kwa baridi mpaka utanuke, ribiti ya kawaida kama ya sufuria. Mzee aliniambia hiyo ni kazi ya mafundi sufuria. Sawa mzee, gonga.

Akagonga. Bresileti ikatoka, tamu, inalia tik tik kila kipande, nikaivaa nikaringa nayo mtaani. Mteja wa kwanza akainunua, kesho yake akanipigia: "Dada hii mbona kipande chenye kipepeo hakikai kwingine?" Nikamwambia sukuma vizuri. Akasukuma. Akaja nayo. Nikajaribu mwenyewe, kweli, kipepeo kikitoka nafasi ya tatu kwenda ya tano hakiingii, kingine kinaingia ila kinalegea. Unajua mzee alifanya nini? Kwa ufundi wake wote, alikuwa anachukua kipande, anapiga tupa kidogo kidogo mpaka kiingie kwa jirani yake, anahamia kinachofuata. Kila kijisumari kimeolewa na tundu lake, ukiwatenganisha hakuna anayemtaka mwingine. Nikamweleza, akanijibu kwa upole kabisa, "Sasa binti, si vilikuwa vinakaa? Nani amekuambia uvihamishe?"

Hapo ndipo penyewe. Usilinganishe kipande na jirani yake. Vyote vilinganishe na kitu kimoja ambacho hakibadiliki. Nikatafuta kibati cha chuma kigumu, nikatoboa matundu mawili, moja kijisumari lazima kipite, la pili dogo kwa unywele tu, lazima kikatae. Kikipita yote mawili ni chembamba, kitupe. Kikikataa yote mawili rudisha kwenye tupa. Kwa matundu ya vipande napima na kitako cha biti ya milimita 2, ile sehemu laini isiyo na meno, ni kipimo cha bure na ni sahihi kuliko macho ya mtu yeyote. Nikaandika kwa wino pembeni ya matundu NDIYO na HAPANA, nikaning'iniza juu ya meza ya mzee. Wiki ya kwanza hakukigusa. Siku hizi mtoto wa jirani akikiazima kuchezea mzee anafoka.

Na kwa matundu yakae umbali mmoja, usitoboe kimoja kimoja. Gundisha mabati sita hivi kwa superglue yawe tofali, chora juu ya la kwanza tu, toboa yote kwa pamoja kwenye drili ya kusimama. Ukimaliza loweka kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, yanaachiana yenyewe. Kutoka katikati ya kijisumari mpaka katikati ya tundu dogo ni milimita 20 kwangu, amua yako, ila ukishaamua usiguse tena hata akija mteja analia, maana siku ukibadilisha wateja wote wa zamani umewafukuza. Kukunja ili vifuate mkono ni baada ya kutoboa, juu ya bomba la inchi mbili na nyundo ya mpira.

Saizi. Hatua, yaani ule umbali wa milimita 20, maana yake mwenye mkono wa katikati anateseka, akiongeza kimoja inamteremka mpaka vidoleni, akipunguza inabana. Pima mkono kwa futi ya fundi cherehani, ongeza sentimita moja na nusu au mbili, halafu uwe na kipande nusu, cha hatua ya milimita 10. Hakina urembo wowote, kinakaa upande wa chini, hakuna anayekiona, lakini ndicho kilichomaliza malalamiko ya saizi kwangu. Na weka kijimnyororo cha usalama hata kama mteja anasema kinaharibu.

Mapambo ni raha tu sitaki kuyamaliza hapa. Pembe ya ng'ombe, kifuu kilichosuguliwa, kitenge chini ya rezini, ile ya majimaji inayoganda ikawa kama kioo. Ila kitenge, sikilizeni, rezini ikikigusa kikavu kinaloa na kuwa cheusi, maua yote yanapotea unabaki na kitu kama tambara la jikoni. Paka kwanza gundi nyeupe ya mbao, mbele na nyuma, iache ikauke kabisa, ndio umwage rezini. Kuna anayefundisha hii kwa elfu hamsini mjini, chukueni bure. Brasi yenyewe kwa jasho na unyevu wa Dar itapauka na inaweza kuacha kijani mkononi, mimi nawaambia wateja ukweli kabla hawajalipa: ndimu na chumvi, suuza kwa sabuni, kausha. Sio kwenye vipande vya pembe na rezini lakini. Walioniambia nipake rangi ya kucha isiyo na rangi waje waone ilivyobanduka kama ngozi ya nyoka.

Bei, mkono mzima naanzia elfu thelathini na kitu kutegemea urembo, kipande kimoja kimoja elfu tatu nne. Pesa yenyewe iko kwenye hivyo vya kimoja kimoja, anarudi birthday, anarudi akijifungua, anarudi akiachwa kutoa herufi ya mtu. Hizo za kuachwa nazinunua nusu bei na kuziuza tena, ndio utamu wa kupima kwa kibati.

Ukianza na herufi usigonge idadi sawa za kila moja kama nilivyoshauriwa na mtu wa hesabu. Hesabu A kwenye Asha, Zawadi, Amina, Halima, Salama, utaona. Mimi A nagonga mara nyingi kuliko herufi nyingine tatu zikijumlishwa na bado leo asubuhi zimeisha, wakati Q zimejaa kwenye kopo, labda aje Queen.